Chumba Kisichofiwa

Matroni wa chumba cha mahututi alikuwa na sauti mbili, na mimi zote naziweza. Ya kwanza ilikuwa ya manesi wake, kavu kama muhogo wa kiangazi: "Wewe! Dripu imekwisha, unaangalia nini, dari?" Ya pili aliiweka kwa ajili ya ndugu wa mgonjwa, na hiyo aliipaka asali. "Mama yangu mzuri, njoo tukae hapa kidogo. Mgonjwa wetu si umemwona? Ametulia. Sasa sisi tunaonelea akapumzike nyumbani, kati ya watu wake." Hapo anakushika bega. Anakupapasa. Ukishapapaswa hivyo, nenda kanunue sanda.

Watu walimshukuru! Ndicho kilichonichefua. Walimshika mikono miwili wakamwambia Mungu akuzidishie, wakambeba mgonjwa wao kwenye machela huku anakoroma, na nesi nyuma anaandika kwamba mgonjwa ameruhusiwa, katoka hai.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Warundi walikuwa wamevuka na vitanda vyao kichwani, Wakongo nao wakaja kwa maji, na Kigoma ikajaa magari meupe yenye antena ndefu kama fimbo za wachunga ng'ombe. Kila gari na kazi yake. Hili la maji, hili la vyoo, hili la maharage. Na kila kitu kilipimwa. Watoto walizungushiwa utepe mkononi, maji yakapimwa kwenye ndoo, mpaka vyoo vilichunguliwa kina chake na watu waliosoma, waliooa, wenye watoto. Wakaishiwa vya kupima. Ndipo wakaanza kupima vyumba vya watu wanaokata roho.

Vyumba vyenyewe vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa kwenye hospitali fulani mjini, siitaji, ukuta mweupe, madirisha ya vioo. Kingine kilikuwa kambini, ng'ambo ya Kidahwe, njia ya Kasulu, tofali za udongo na turubai juu. Tajiri aliyevitolea mashine alikuwa mmoja, naye alitaka kujua chumba kipi kinaponya kuliko kingine. Kitakachoshinda kitapewa mashine mpya za hewa. Basi. Hilo ndilo lililowatia watu wazima wazimu.

Mimi mle chumbani mjini nilikuwa namuuguza wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Siku niliyoolewa aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akawaambia wageni, "Kaka yangu tulimtuma ng'ombe, kaleta kamba." Nikamjibu, "Kamba ndiyo itakayokufunga wewe." Tangu hapo hatukupumzika. Tulitukanana kwenye arusi, tulitukanana sokoni, hata siku tunamzika kaka yake aliniambia nimelia vibaya, nirudie. Wifi wa namna hiyo huwezi kumpata dukani.

Maisha yake yote alikuwa ufukweni Katonga, anakausha migebuka kwa moshi. Samaki walikauka, na kifua chake nacho kikakauka. Alianza na kikohozi, kikaja kichomi, na siku moja akaanguka kando ya chanja yake midomo imekuwa ya bluu. Pale hospitali walimtia mpira wa puani, mashine ikaanza kunguruma, na rangi ikamrudi. Neno lake la kwanza: "Wifi, hii mashine inakoroma kama kaka yangu. Sasa nimejua ulichokuwa unavumilia."

Daktari alituambia, bila kuficha, kwamba pumzi zake zinategemea ule mpira. Siku kifua kikipata nguvu atautoa polepole. Ukitolewa kabla, mwisho. Hilo nililielewa, na wifi alilielewa. Alikuwa anaushika kwa vidole hata usingizini.

Basi wapimaji wakaja. Mmoja Mzungu, anaongea kupitia tundu za pua: "Ooo, mama, humu watu wanapona sana, ndiyo? Safi, safi." Mwenzake alikuwa msomi wa kutoka Dar es Salaam, shati jeupe, kalamu tatu mfukoni kana kwamba mbili zinaweza kufa njiani. Walibandika ukutani karatasi kubwa iliyochorwa nguzo mbili, moja fupi, moja ndefu. Matroni akawa anapitapita mbele ya ile karatasi kama bibi arusi mbele ya kioo.

Nikauliza, "Nguzo ipi yetu?"

"Hiyo fupi, mama."

Nikamwambia pole. Nilidhani mrefu ndiye mshindi! Manesi wakacheka mpaka mmoja akakalia ndoo. Msomi akakohoa, akanirekebisha kwa upole kama anamwachisha mtoto ziwa: "Hapana, mama. Nguzo ni ya waliofariki. Hiyo ndefu ni ya kambini. Sisi tunalinganisha utendaji. Tunatazama mgonjwa anayeingia, halafu tunatazama kama ametoka akiwa hai."

"Akishatoka hai anakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Halafu?"

"Halafu hapo, mama, kazi ya chumba imekwisha."

Akaandika kitu, akaenda kuangalia kitanda kingine.

Sasa nikwambie kitu ambacho kandokando ya ziwa hili hata mbuzi anakijua. Mgonjwa anapanda boti kwa nauli yake kama abiria mwingine yeyote. Maiti haipandi. Mwenye boti hataki maiti ikae na abiria na magunia ya dagaa, atakwambia ukodi boti nzima. Kwa hiyo watu wa vijiji vya ziwani, wakiona mtu wao amefikia pabaya, wanamtoa hospitali mapema, wanamkalisha kwenye boti katikati ya wanawake wawili, kajifunika khanga, akafie kwao. Na sisi wa Ujiji hatuna shida ya boti, lakini tunapenda mtu afe akisomewa, kwenye mkeka wake. Ni desturi, haina ubaya. Lakini wote hao kwenye ile karatasi walikuwa wamepona. Mtu anazikwa kesho yake alasiri, na ukutani amepona.

Na Mrundi wa kambini atapelekwa nyumbani kupi? Nyumba ameiacha inawaka. Kwake ni pale pale, chini ya turubai, ndipo atakapopona na ndipo atakapofia. Kwa hiyo nguzo yao ikawa ndefu.

Usidhani ilikuwa siri. Mfagiaji alijua, daktari alijua. Matroni mwenyewe nilimuuliza, akanijibu kwa sauti kavu, bila hata kuangalia pembeni: "Kila mtu anajua, mama. Kwani hiyo desturi nimeianzisha mimi? Mimi nimezaliwa mbali huko, nimeikuta kwenu." Na kweli aliikuta. Watu walikuwa wanaondoka wenyewe. Yeye alichofanya ni kuanza kuwasukuma, kwa sababu wapimaji walisema watarudi kuhesabu mara ya pili kabla ya kutoa zawadi.

Kabla hawajarudi, wakafanya kituko ambacho mpaka leo nikikikumbuka natema mate. Walimleta nesi wa kambini aje kujifunza kwa wenzake wa mjini! Mama wa Kirundi, mweusi, mrefu, msalaba mdogo shingoni, viatu vya plastiki. Alikuwa mkimbizi na yeye. Walimsimamisha katikati ya chumba, matroni akamhubiria: "Siri yetu sisi ni usimamizi. Usimamizi na moyo." Yule nesi anasikiliza, mikono nyuma.

Alipomaliza, nesi akauliza kitu kimoja tu. Warundi Kiswahili chao unakijua. "Na mugonjwa wa kitanda kile cha dirisha? Asubuhi nilimukuta. Yuko wapi?"

"Ameruhusiwa."

"Alikuwa anaongea?"

"Alikuwa ametulia."

"Ego," akasema yule nesi. Ndiyo, kwa kwao. Sijasikia ndiyo iliyonuka dharau vile. Mimi nilijaribu kuiga ile ego wiki nzima, haikutoka sawasawa.

Wapimaji walipokaribia kurudi, asali ikatufikia sisi. Matroni akaja, akakaa kitandani, akanishika bega. "Mama yangu mzuri..."

Wifi akafungua jicho moja. "Anataka nini huyu?"

"Anataka ukapumzike nyumbani."

"Mpira nakwenda nao?"

Matroni akacheka kidogo. "Mpira ni wa hospitali, bibi. Nyumbani kuna upepo mzuri wa ziwa."

"Huo upepo," wifi akasema, na kila neno alikuwa analitafutia pumzi, "ndio uliokuwa unanipulizia moshi. Mwambie apeleke mama yake."

Nilikataa. Nikakataa tena. Asali ikakauka papo hapo: "Kitanda kinasubiriwa, mama. Usijifanye hujui." Asubuhi iliyofuata nilipoingia, mashine ilikuwa kimya na wifi amekaa wima, mabega yanapanda na kushuka, macho yamemtoka. Wamemjaribu, eti. Wamemtoa mpira kuona kama ataweza mwenyewe. Karatasi yake ya kutokea ilikuwa tayari. Daktari kaenda kikaoni, kikao cha nini? Cha kuwapokea wapimaji.

Nilitoka nje nikiwa sijui ninakokwenda, nikakutana na dereva wa gari moja jeupe la wakimbizi, Msukuma mnene, mteja wa wifi wa miaka mingi. Nikamweleza. Akajikuna tumbo. "Aa, mama, bhana! Hii gari si ya kubeba raia. Wakinikamata na mgonjwa, kazi sina."

"Na hilo tumbo unaloogopa kulipeleka nyumbani limejengwa na migebuka ya nani?"

Akaliangalia tumbo lake. Akafungua mlango wa nyuma, tukamtoa wifi na karatasi yake ya kutokea.

Nesi wa kambini ndiye niliyekuwa namfikiria. Njia nzima vumbi. Wifi nimempakata, kichwa kifuani kwangu, midomo inarudi ile rangi ya bluu ya Katonga. Niliogopa akilala haamki, kwa hiyo nikamwigizia sauti ya matroni. Nikamfanyia Mzungu wa puani. Nikamfanyia msomi, na zile kalamu zake zinaugua mfukoni, moja anaipa ruhusa ikafie nyumbani. Wifi akawa anacheka, na kucheka kunataka hewa, na hewa hana. "Niache," akasema tulipopita Kidahwe. "Utaniua... kabla sijafika... wakuandike wewe."

Getini kambini nikaingiwa na hofu kwamba raia hapokelewi. Nikajifunga khanga mpaka kwenye macho na nikaanza kulia kwa Kirundi, kama nilivyokuwa nawasikia wamama wa kambi wakija soko la mjini. Mimi Muha, na Muha na Mrundi lugha zao ni ndugu, nikajua nitapita. Nikaomboleza, nikamtaja Imana, Mungu wao, nikataja mpaka kijiji nilichokimbia.

Akatoka yule yule nesi mrefu. Akasimama akanisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza kwaya. Halafu akapiga makofi. "Yampaye inka!" akashangaa kwa kwao. "Mama, wewe ni wa Ujiji. Kirundi chako kinanuka mawese. Na mimi nilikuona mujini, ulikuwa umekaa kwa miguu ya mugonjwa huyu huyu."

Nikashusha khanga usoni.

"Anapumua?"

"Kidogo."

"Sasa munasimama hapa mufanye nini? Aingie!"

Wakambeba. Hawakuniuliza karatasi. Mashine yao ilikuwa kuukuu kuliko ya mjini, imefungwa kamba ya mgomba mahali fulani, lakini ilinguruma, na mpira ukaingia puani, na mimi nikakaa chini kwenye udongo. Baadaye, rangi ilipoanza kumrudi, nikamwambia yule nesi ukweli, kwamba huyu mjini wamemwona hafai, anaweza kuwafia hapa, akawaharibia nguzo yenu.

Alikuwa anakunja shuka. "Nguzo yetu imeisha kuwa ndefu, mama," akasema. "Tutaongeza."

Wifi aliishi pale siku kadhaa, na aliishi kweli, hakutulia. Alikula ugali. Alimwambia mgonjwa wa pembeni, mzee wa Kirundi, kwamba akikohoa namna ile atawafukuzia samaki. Alimtaka nesi awe mke wa pili wa kaka yake, nikamkumbusha kaka yake amekufa, akasema, "Ndiyo maana namtafutia mtulivu." Daktari wa kambi akaanza kumpunguzia hewa kidogo kidogo, siku moja akakaa bila mpira mpaka uji ukaiva. Tulianza kupanga habari ya kurudi.

Halafu moyo ukachoka. Asubuhi, jua limetoka, nimetoka kumnawisha. Nesi alikuja mbio, akaongeza hewa, akamkandamiza kifua, akaita wenzake. Mpira hawakuutoa mpaka walipohakikisha hauhitajiki tena. Nesi akaniambia "Ihangane, mama," ndiyo pole ya kwao, akakaa na mimi chini, na mimi, mwenye sauti za watu wote, sikuwa na hata moja.

Kwa hiyo wifi yangu alipona mjini na akafa kambini. Wapimaji walihesabu vizuri sana, hawakukosea. Wa mjini wakapewa mashine mpya. Wa kambini wakapewa semina.

Tukamzika Ujiji. Siku ya tatu ya matanga, wanawake tumejaa uani, nani anaingia? Matroni, na manesi wawili, khanga mpya, vitenge vya kichwani. Hospitali yao kila matanga ya mjini walikuwa wanakwenda, nayo ni sehemu ya usimamizi na moyo. Akakaa katikati ya mkeka, akawaambia wamama, kwa ile ya asali: "Jamani, tumeumia. Maana alipotoka kwetu alikuwa na nafuu kubwa."

Nilikuwa nimekaa ukutani. Wifi ni mtani, na mtani kwenye matanga hakemewi. Hata avae nguo za marehemu, hata aigize alivyokuwa anakata roho, mwenye kukasirika ndiye mwenye aibu. Nikanyanyuka. Nikachukua kawa nikaliweka kichwani, ikawa kofia ya matroni. Nikamwendea shangazi mmoja mzee aliyekuwa anasinzia, nikamshika bega, nikampapasa.

"Mama yangu mzuri, umetulia. Aruhusiwe huyu!"

Uwanja ukalipuka. Nikaenda kwa mwingine: "Wewe unahema? Kidogo? Basi hujambo, nenda kahemee kwenu." Nikavuta ufagio, nikawa Mzungu, nikawapima wanawake urefu: "Ooo, wewe mrefu, wewe umekufa, ndiyo? Wewe mfupi, safi, safi." Watu wanalia na kucheka pamoja, khanga midomoni. Kuna waliokuwa wamezika watu wao kwa ile asali, wakaanza kuniangalia bila kucheka. Nikafanya kitanda kile cha dirisha. Nikamfanya wifi, ameachwa wima na mabega yanapanda, anatafuta hewa iliyozimwa ukutani. Hapo khanga zikashuka midomoni.

Matroni alikuwa anatabasamu. Afanye nini? Alitabasamu mpaka mashavu yakatetemeka.

Mwanamke mmoja wa Buzebazeba, jirani tu, mchuuzi wa mawese, akainuka. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama yangu yuko kwenye chumba hicho. Jana jioni nimeambiwa ametulia. Nimeambiwa leo mchana nimfuate."

Hakumwangalia mtu. Akajifunga khanga kiunoni, akavaa kandambili, moja yake na moja ya mtu mwingine, akatoka.

Matroni naye akaanza kuinuka. "Na sisi tuage, jamani, kazi inatusubiri..." Lakini mgeni wa matanga haondoki kabla ya kula, hata kwao huko mbali najua haondoki. Wale mashangazi walimkamata mikono pande zote mbili. Mmoja anamnawisha, mwingine anamvutia mkeka: "Aa, mama, utatutia aibu! Utaondokaje mdomo mkavu? Kaa, kaa, wali huu hapa." Nikapakua mwenyewe. Nikamjazia, nikaweka na kichwa cha mgebuka juu, chenye miba, cha kuliwa polepole.

Alikula. Na yule wa Buzebazeba alishafika, akapanda kitandani kwa mama yake na kandambili zake mbili tofauti, akamkumbatia yeye na mpira wake, na nasikia manesi walizunguka kile kitanda mchana kutwa, hakuna aliyejua pa kushika.